Oksijeni ya Mbeya haisomeki kama ya Dar: namna ya kupima na kudhibiti hewa ya mgonjwa huku nyanda za juu

Kamwene ndugu zangu wa Iringa na Njombe, ugonile wa Rungwe na Kyela, na wengine wote habari za saa hizi. Leo naomba tukae kidogo tuongelee oksijeni, kwa sababu kila mwaka baridi ikianza kubana mwezi wa sita simu zinaanza kuingia, sista huyu anauliza mbona mtoto anasoma 91 kwenye oksimita na konsentreta (mashine inayochuja oksijeni kutoka hewa ya chumbani) imefunguliwa, fundi yule anauliza mbona mashine mpya kabisa imetoka kwenye boksi inasoma asilimia 76, daktari naye anauliza kama ile oksimita ya kidoleni, kidude kinachopima oksijeni kwenye damu, imeharibika au mgonjwa ndo anazidiwa. Mimi ni fundi wa vifaa tiba, nimezunguka huku kwetu na mashine kwenye Hiace, kwenye bodaboda, mpaka juu ya lori la viazi, na nilichokiona ni kwamba mara nyingi mashine haina tatizo. Tatizo ni kwamba vipimo vingi vinapima presha ya oksijeni halafu vinatuandikia asilimia, na presha ya hewa yetu huku sio ya Dar. Hilo tulishike kwanza kabla hatujagusa kitufe chochote.

Tuanze na hewa yenyewe. Hewa ya Kyela, ya Mbeya mjini na ya kule Kitulo zote zina oksijeni asilimia 20.9, asilimia haipungui ukipanda mlima. Kinachopungua ni msukumo. Dar pale baharini hewa yote kwa pamoja inasukuma kama milimita 760 za zebaki, ukipanda unapoteza kama milimita 8 kwa kila mita 100, kwa hiyo Kyela kwenye mita kama 500 unabaki na 715 hivi, Mbeya mjini kwenye mita 1,700 unabaki na 620 hivi, Kitulo kwenye mita 2,600 unabaki na kama 555. Sasa mapafu hayajui asilimia, yanajua msukumo tu. Na hewa ikishaingia puani inalowana, mvuke wa mwilini unachukua milimita 47 popote pale ulipo, kwa hiyo hesabu ya oksijeni inayoingia kifuani Dar ni 760 toa 47 kwanza, jibu ndo uzidishe kwa 0.21, unapata 150. Mbeya hesabu hiyohiyo inakupa 120. Kitulo 107. Mtu mwenye mapafu mazima anajirekebisha, anapumua zaidi kidogo na maisha yanaendelea, ila mtoto mwenye nimonia hana akiba hiyo, ndo maana nimonia ileile inamchosha mtoto wa Makete haraka kuliko mtoto wa Kyela.

Hatua ya kwanza: ijue presha ya hapo ulipo

Hapa watu wengi sana wanateleza. Mashine za kupima gesi za damu, baadhi ya mashine za kupumulia na baadhi ya analaiza (vipimo vya asilimia ya oksijeni) zinakuuliza presha ya hewa, na mtu anafungua simu anaangalia programu ya hali ya hewa, anakuta Mbeya imeandikwa 1,016 hektopaskali (kipimo kingine cha presha), anaiingiza. Hiyo namba sio presha ya Mbeya jamani. Watu wa hali ya hewa wanaishusha namba mpaka usawa wa bahari ili waweze kulinganisha mji na mji kwenye ramani. Presha halisi inayokugusa usoni ukiwa Mwanjelwa ni kama hektopaskali 830, tofauti ya karibu 190, na hiyo sio tofauti ya kupuuza.

Kwa hiyo fanya hivi. Kama una barometa ya ukweli maabara, tumia hiyo. Kama huna, simu nyingi za bei ya kati kwenda juu zina sensa ya presha ndani, tafuta programu inayosoma sensa yenyewe na sio ile inayovuta namba kwenye intaneti, njia rahisi ya kujua ni kuzima data kisha upande ghorofa mbili tatu uone kama namba inashuka. Ikishindikana kabisa tafuta mwinuko wa kituo chako kwenye ramani halafu fanya hesabu ya milimita 8 kwa kila mita 100, sio sahihi mia kwa mia ila itakuweka karibu kuliko kuacha 760 iliyowekwa kiwandani. Ukishaipata iandike kwa maka pen ukutani juu ya meza ya mashine, na pembeni uandike ni milimita za zebaki au hektopaskali, maana nimeshaona mtu kaingiza 830 kwenye sehemu inayotaka milimita.

Hatua ya pili: analaiza, na hapa naomba tukae sana

Analaiza ni kile kipimo kidogo cha mkononi kinachokwambia hewa inayotoka kwenye mashine ina oksijeni asilimia ngapi. Nyingi tulizonazo ndani zina seli inayofanya kazi kama betri: kuna risasi upande mmoja, dhahabu au fedha upande mwingine, katikati maji ya kemikali, na mbele kuna ngozi nyembamba ya plastiki. Oksijeni inapenya kwenye ile ngozi, inaila risasi taratibu, umeme mdogo unatoka, kioo kinaonyesha namba. Sasa kinachosukuma oksijeni ipite kwenye ile ngozi ni nini? Ni presha. Kwa hiyo seli haijui asilimia kabisa, inahisi msukumo tu, asilimia ni tafsiri iliyowekwa siku ile mtu aliyeikalibreti, yaani aliyeirekebisha isome sawa, alipoiambia "hii hapa ni 20.9".

Nitawasimulia. Kuna kituo kimoja, sikitaji, kilikuwa na konsentreta nne stoo zimebandikwa karatasi "MBOVU", moja imeandikwa 76, nyingine 74, nyingine 75, nyingine 58. Wodi ya watoto ilikuwa imebaki na mashine moja, vipira vimegawanywa kwa watoto watatu. Nikauliza aliyepima nani, nikaambiwa analaiza iliazimwa, ilikuja na gari kutoka Dar, wakapima hapohapo wakaandika. Nikatoka nayo nje, nikasimama chini ya mparachichi, hewa safi kabisa ya Mungu, nikaiwasha nikasubiri ikatulia: 17. Hewa ya nje inasoma 17! Chukua 20.9 zidisha 620 gawa kwa 760, unapata 17 na pointi kidogo, yaani analaiza ilikuwa nzima, ilikuwa tu bado inaamini iko Dar. Nikaikalibreti palepale nikarudi stoo, ile ya 76 ikasoma 93, ya 74 ikasoma 91, ya 75 ikasoma 92. Ni ile ya 58 tu ndo ilikuwa mbovu kweli. Mashine tatu nzima zilikaa stoo wiki kadhaa na watoto wanagombania moja. Mpaka leo nikiikumbuka ile siku roho inaniuma.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu na siupunguzi hata kama nina haraka:

1. Toa analaiza kwenye begi, iache dakika 20 hivi izoee joto la chumba, hasa asubuhi ya Julai ambapo begi lilikuwa kwenye gari usiku kucha.
2. Nenda sehemu yenye hewa safi, dirishani au nje, mbali na konsentreta na mbali na mtungi unaovuja. Usiipumulie.
3. Subiri namba itulie, kisha iweke 20.9. Zingine zina kitufe, zingine kipini cha kuzungusha. Kama mashine inakupa 21 tu, weka 21.
4. Ipeleke kwenye oksijeni ya mtungi, fungua lita 2 hivi kupitia kipande cha T ili hewa ipite pembeni isijibane kwenye seli (ukiibana unaongeza presha na namba inadanganya tena, kwenda juu safari hii). Isome karibu na 100. Ikisoma 97 mpaka 102 nashukuru naendelea. Ikigoma kwenye 88 huku kwenye hewa inasoma 20.9 vizuri, seli imechoka, risasi imeisha, nunua nyingine, usiilazimishe.
5. Ukihama kituo ukapanda au kushuka mlima, rudia namba 3. Kutoka Tukuyu kwenda Kyela ni kama mita 1,000 za kushuka, lazima urudie.

Seli inadumu kati ya mwaka 1 na 2, na inaendelea kuisha hata ikiwa imezimwa kwa sababu oksijeni ya hewani inaendelea kuila, kwa hiyo usinunue tano ukaweka kabatini ukidhani umeokoa hela. Kingine, usipime baada ya chupa ya maji ya kulowanisha oksijeni, mvuke na matone yanaziba ile ngozi, pima kabla ya chupa na seli iangalie chini.

Kuna analaiza za aina nyingine zinazotumia mlio wa sauti, zinapima sauti inavyokimbia ndani ya gesi, maana sauti inakimbia polepole kidogo kwenye oksijeni kuliko kwenye naitrojeni. Hizi zinahisi mchanganyiko wenyewe, sio msukumo, kwa hiyo mwinuko hauzisumbui hivyo, na ndo zinazotumika kwenye konsentreta nyingi kuwasha ile taa ya kijani na ya njano. Ukiona taa ya mashine ni ya kijani na analaiza yako ya seli inasema 75, kabla hujabandika karatasi toka nje kwanza chini ya mparachichi.

Hatua ya tatu: konsentreta

Konsentreta haitengenezi oksijeni, inavuta hewa ya chumbani, inaikandamiza kwenye mitungi miwili yenye punje za zeolaiti zinazokamata naitrojeni, inayobaki ni oksijeni karibu asilimia 93 na kidogo agoni. Mitungi inapokezana, ndo ule mlio wa pshii unaousikia kila sekunde chache.

Iwashe dakika 10 kabla ya kupima. Weka kiwango cha juu kabisa kilichoandikwa, kama ni ya lita 5 weka 5, pima, halafu shusha mpaka 2 upime tena. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanataka isishuke chini ya asilimia 82. Ikiwa kati ya 82 na 87 usikimbilie kufungua ndani, angalia kwanza chujio la nyuma, hasa msimu wa vumbi Septemba na Oktoba, lile sponji nimelikuta limekuwa zulia. Lifue na sabuni kila wiki, likauke vizuri kivulini ndo ulirudishe. Mashine iache sentimita 30 kutoka ukutani, isifunikwe na kanga, isiwekwe karibu na jiko wala dawa ya kupulizia. Halafu umeme, steblaiza ni lazima, umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo ndo unaounguza bodi.

Jaribio la haraka la kuvuja ambalo hata ndugu wa mgonjwa anaweza kufanya: chovya ncha ya kanyula (vipira vya puani) kwenye glasi ya maji. Mapovu yakitoka vizuri hewa inafika. Yasipotoka na kigololi ndani ya floomita (kile kioo cha kusomea lita kwa dakika) kimepanda, kuna mahali inavuja, mara nyingi ni kifuniko cha chupa ya maji hakijakazwa.

Hatua ya nne: mtungi, hesabu yake na hatari yake

Hesabu ni rahisi, ujazo wa mtungi kwa lita mara presha inayosomeka kwenye geji kwa ba (bar, kipimo cha presha). Mtungi wa lita 40 ukiwa na ba 150 una lita 6,000 za oksijeni. Mgonjwa akitumia lita 5 kwa dakika ni dakika 1,200, masaa 20. Geji ikiwa imeshuka mpaka 50 una lita 2,000, masaa 6 na dakika 40, kwa hiyo saa 4 usiku ukiona 50 ujue haufiki asubuhi, tafuta mwingine mapema kabla mlinzi mwenye funguo hajalala.

Rangi usiziamini peke yake. Mitungi ya oksijeni ya mfumo wa Uingereza ilikuwa mwili mweusi na mabega meupe, ya Marekani ya kijani, na viwandani kuna mitungi myeusi mingine kabisa. Soma lebo, kisha pima kwa analaiza kabla ya kuunganisha kwa mgonjwa, sekunde 30 tu. Mafuta ya aina yoyote yasiguse valvu wala regyuleta (kifaa cha kupunguza presha ya mtungi), hata mafuta ya mgando mikononi, oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta inawaka yenyewe. Mtungi ufungwe mnyororo ukutani. Kabla ya kufunga regyuleta fungua valvu kidogo sekunde moja vumbi litoke, simama pembeni, sio mbele.

Hatua ya tano: kumfikishia mgonjwa kiasi anachohitaji

Kanyula, vile vipira vya puani, kila lita 1 kwa dakika inaongeza kama asilimia 4 hivi kwa mtu mzima, kwa hiyo lita 2 ni kama 28, lita 4 kama 36. Nasema kama, kwa sababu mgonjwa akipumua kwa kasi anavuta hewa nyingi ya chumbani na ile asilimia inashuka. Maski ya kawaida lita 5 mpaka 10, na chini ya 5 usishuke kabisa, maana hewa aliyotoa inabaki kwenye maski anaivuta tena na kaboni dayoksaidi inampanda. Maski yenye mfuko lita 10 mpaka 15, mfuko ubaki umejaa hata akivuta. Maski za venturi zenye vikofia vya rangi ndo nzuri kuliko zote ukitaka asilimia kamili, bluu ni 24 kwa lita 2, nyeupe 28 kwa lita 4, njano 35 kwa lita 8, nyekundu 40 kwa lita 10, na namba zimeandikwa kwenye kikofia, zisome.

Watoto: kichanga nusu lita mpaka 1, mtoto aliyepita uchanga ila hajafika mwaka 1 mpaka lita 2, mkubwa kidogo 1 mpaka 4, kwa kanyula ya saizi yake.

Njiti ni habari nyingine na naomba mnisikilize. Oksijeni ikizidi inaharibu macho ya mtoto njiti, mishipa ya nyuma ya jicho inaota vibaya na mtoto anakuwa kipofu. Miaka ya 1940 mpaka mwanzoni mwa 1950 watoto wengi nchi zilizoendelea walipofuka hivyo kabla wataalamu hawajagundua kwamba sababu ni oksijeni iliyomwagwa bila kupimwa. Njiti akiwa kwenye oksijeni mweke oksimita isome kati ya 90 na 95, alamu ya juu iwekwe pia, sio ya chini tu. Kama hamna blenda (kifaa cha kuchanganya oksijeni na hewa) lakini mna konsentreta na pampu ya hewa ya kawaida mnaweza kuchanganya kwa hesabu: lita 3 za asilimia 93 na lita 4 za hewa ni 3 mara 93 jumlisha 4 mara 21, gawa kwa 7, unapata 52. Halafu uipime na analaiza uliyoikalibreti hapohapo, hesabu bila kipimo usiiamini kwa mtoto wa kilo moja.

Hatua ya sita: oksimita ya kidoleni

Hiki kidude kazi yake ilianzia Japani, mhandisi Takuo Aoyagi mwaka 1974, na nadhani ni kati ya vitu vichache vidogo vilivyookoa watu wengi hivi. Kinapitisha mwanga mwekundu na mwanga usioonekana kwenye kidole, damu yenye oksijeni na isiyo nayo zinakunywa mwanga tofauti, kinapiga hesabu. Hiki hukikalibreti wewe, kazi yako ni kujua lini kinadanganya.

Huku kwetu cha kwanza ni baridi. Vidole vya asubuhi Njombe mishipa imejikunja, damu haifiki, kinasoma 82 kwa mtu anayecheka na wewe. Pasha mkono, sugua, subiri wimbi la mapigo liwe zuri na mapigo yalingane na unayohesabu kwa mkono, ndo usome. Hina na rangi ya kucha nyeusi toa, au geuza kidole ubane ubavuni, au tumia sikio. Na ngozi nyeusi: utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2020 ulionyesha kwamba wagonjwa weusi walikuwa na oksijeni ya chini iliyofichwa na oksimita karibu mara tatu ya wazungu, kifaa kinasema 93 damu iko chini ya 88. Sisi wote huku ni ngozi nyeusi. Kwa hiyo 92 ya mgonjwa anayehema, anayevuta mbavu na puani kunatanuka usiifurahie, mwamini mgonjwa kuliko kioo.

Sasa namba gani ni ya kawaida? Mtu mzima mwenye afya Mbeya mjini mara nyingi ni 94 mpaka 97, Kitulo unaweza kukuta 92 au 93 na anachimba viazi kama kawaida. Kuanza oksijeni kwa mtoto WHO wanatumia chini ya 90, na kwa wanaoishi juu ya mita 2,500 wanaruhusu 87, ila mwenye dalili za hatari, degedege, kuzimia, kuhema kwa shida sana, anaanzishiwa na kupelekwa mpaka 94 au zaidi mpaka atulie. Mwenye mapafu yaliyoharibika kwa muda mrefu, wale bibi zetu waliopikia kuni ndani miaka hamsini, daktari mara nyingi anawaweka 88 mpaka 92 kwa sababu kuwajaza oksijeni kunaweza kuwapandishia kaboni dayoksaidi wakasinzia moja kwa moja.

Na hili naliandika nikiwa na uchungu. Juni na Julai watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga madirisha, wanalala. Moshi wa mkaa usioonekana, kaboni monoksaidi, unashika damu mahali pa oksijeni na oksimita haiwezi kuutofautisha, itakusomea 98, 99, na mtu anakufa mbele yako. Familia imeletwa asubuhi vichwa vinauma, wanatapika, wamelegea, wote kwa pamoja, usiweke kidude kidoleni ukasema wako sawa. Watoe nje kwenye hewa safi, wape oksijeni ya maski yenye mfuko lita 15 bila kujali namba. Kwa hewa ya kawaida ule moshi unachukua kama masaa 4 mpaka 6 kupungua nusu, kwa oksijeni safi ni kama saa 1 mpaka saa 1 na nusu.

Kaboni dayoksaidi, kwa kifupi

Kwenye ICU na chumba cha upasuaji kuna kipimo kinachoangalia hewa anayotoa mgonjwa. Kawaida 35 mpaka 45 milimita za zebaki, huku juu inakaa upande wa chini kidogo. Kikubwa ni kwamba mashine iwekwe kuonyesha milimita, sio asilimia, kwa sababu 40 Dar ni asilimia 5.3 na 40 hiyohiyo Mbeya ni 6.5, daktari aliyehamia kutoka Muhimbili akiona 6.5 atashtuka bure. Na bomba la kupumulia likiwa kwenye njia ya hewa ya mgonjwa wimbi litaonekana kila pumzi, wimbi likipotea ghafla kagua bomba kwanza kabla ya kulaumu mashine.

Kwa wenzetu wa maabara za utafiti, inkubeta zenu za kukuzia seli hai mnaziweka kaboni dayoksaidi asilimia 5 kama kitabu kilivyosema, ila kitabu kimeandikwa usawa wa bahari. Kwa presha ya Mbeya asilimia 5 ni msukumo mdogo na pH (kipimo cha uchachu) ya maji ya seli inapanda kama 0.1, ukitaka ilingane unaenda kama 6. Mpime pH kwanza ndo mbadilishe, na kwenye ripoti muandike mwinuko wa kituo, hata kwenye tafiti za oksimita, namba ya 93 bila mwinuko haimsaidii msomaji wa nchi nyingine. Damu ya kupima gesi toa povu lote kwenye bomba la sindano, ziba, ipimwe ndani ya dakika 30.

Rufaa ya kushuka au kupanda

Mgonjwa wa Makete anayeletwa Mbeya kwa njia ya Kitulo na Isyonje anapandishwa kwanza kabla ya kushushwa, na pale juu atashuka saturesheni (ile namba ya oksimita) hata kama hujagusa floomita. Mpande na akiba. Safari ya masaa 3 kwa lita 5 ni lita 900, ongeza nusu yake, 1,350. Mtungi wa lita 10 wenye ba 100 una 1,000 tu, hautoshi, chukua miwili, na spana yake, na mtu anayejua kubadilisha gari likiwa linatembea kwenye kona na ukungu.

Daftari

Kila Jumatatu asubuhi kwa kila konsentreta: tarehe, presha ya hewa, analaiza ilisoma ngapi nje kabla ya kuirekebisha, asilimia kwa lita 5, asilimia kwa lita 2, masaa kwenye mita ya mashine, chujio limefuliwa au la, jina la aliyepima. Ile safu ya "ilisoma ngapi nje kabla" msiiache wazi, ndo itakayomwonyesha fundi ajaye kama seli inachoka au kama kuna mtu kaileta kutoka bondeni. Daftari likae juu ya mashine limefungwa kamba pamoja na peni.